Byenye bakliya banaachaka ku mashini yako

Mudogo, karibu mu kazi ya sekretaria, hii nyumba ya kuimprimia na kuskane. Batakufundisha kuweka karatasi mu imprimanti na kuongea muzuri na bakliya, lakini hakuna mwenye atakuambia kama ile mashini yako ni mufuko ya batu bote ba kartie.

Angalia. Mama anakuya kuskane karte delekteri yake (karte ya kuchagulia), unamuimprimia, analipa, anaenda, foto inabakia mu dosie ya Telesharjema. Kisha mwezi moja uko na makarte ya batu mia, na huku kwetu karte delekteri njo karte ya mutu, njo banaandikishaka nayo simkadi. Sasa mwizi akikaa pale dakika tano tu? Kila jioni mbele ya kuzima, futa, kisha uende ku korbeye (pubeli ya mashini) ufute tena, juu kufuta mara moja ni kuisogeza tu.

Kenye kinaniumizaka kichwa sana ni WhatsApp. Mwanafunzi anakuya, TFC yake (kitabu ya kumaliza masomo) iko mu WhatsApp, anaskane kode, unamuimprimia, anakimbia juu mvula inakaribia, asubui unafungua mashini unakuta mesaji za mupenzi wake zinaingia tu. Zamani telefone ikizimika na ku mashini inakatika, leo hapana, inabakia konekte hata telefone imezimika, mpaka siku 14 zipite bila mwenyewe kuitumia. Mbele alipe, muambie aingie mu telefone yake, pa aparei konekte, atoshe ile mashini yeye mwenyewe. Na wewe usisome. Najua mukono inakuwasha, usisome.

Flashi, pitisha antivirusi mbele ya kufungua. Ukiona dosie zote zimekuwa rakursi (njia ya mukato tu, hapana dosie yenyewe) ni virusi, mara mingi fishie ziko, zimefichwa tu, kwa hiyo usikimbilie kuformate, njo kupangusa flashi yote (miye nilikimbiliaka, mutoto ya watu alilia pale pale).

Sasa kopi ya kuchunga kazi, hapana fotokopi. Tarehe 22/5/2021, Nyiragongo, volkano ya hapa kwetu Goma, inapasuka magaribi, tunakimbia, tunarudi, tarehe 27 banatuambia tutoke tena, miye nikafika Sake na miguu. Patron alikuwa na diski eksterne, kila ijumaa tunaweka kopi, tulikuwa tunajivunia nayo sana. Alikuwa anaiweka wapi? Mu tiruari ya meza ya mashini ile ile. Lava haikufika kwetu hata, lakini tuliporudi mulango imevunjwa, mashini hakuna, diski hakuna, na TFC tatu zilikwenda nazo, moja defanse yake ilikuwa inabakiza wiki mbili, ule kijana alitape upya yote na vidole viwili.

Leo kopi moja inapanda ku intaneti usiku, na diski ninarudi nayo kwangu Ndosho kila jioni mu sakoshi. Patron anachekaka eti nilioa diski.