Unataka kutafuta ukoo wako? Usianze na "bibi ulizaliwa lini"

Mi ni mtu wa Ngamiani, Tanga, na hii kazi ya kufukua ukoo niliianza kama mchezo tu miaka tisa iliyopita. Sio mwanahistoria wala nini, nina kazi yangu nyingine kabisa inayonilisha. Ila sasa hivi kila nikienda arusini au msibani lazima atokee kijana wa kunivuta pembeni, eti na yeye anataka kuanza, aanzie wapi, kwaiyo naona niandike mara moja nipumzike.

Kosa langu la kwanza lilikuwa daftari. Nilinunua kauntabuku jipya, nene, nikaenda kwa baba mkubwa baada ya alasiri, nikasalimia, nikaketi, nikalifungua, nikauliza "baba mkubwa, babu alizaliwa mwaka gani, na hii nyumba aliijenga lini?" Mzee akaniangalia mimi, akaliangalia daftari, akaiangalia nyumba. Akasema, "Nani amekutuma?" Nikacheka nikidhani utani, kumbe mwenzangu keshapiga hesabu zake, mtoto wa mdogo wake marehemu kaja na daftari anaulizia nyumba, huyu anatafuta mirathi. Ilipita miezi sita haniambii kitu zaidi ya marahaba, mpaka mama akaenda kuniombea radhi.

Kwa watu wetu ukoo na mirathi vinapita mlango mmoja, hilo lijue kabla hujatoka nyumbani. Siku ya kwanza acha daftari. Usiulize nyumba, usiulize shamba, na hata minazi usiiguse, maana swali la "ile minazi ya kule alipanda nani" wewe unaliona la historia, mwenzio analisikia kama shauri la kwa kadhi. Nenda na sukari na majani ya chai, kaa, sikiliza habari za magoti yanayouma. Ukirudi mara ya tatu bila kuomba kitu ndio watu wanaanza kusema wenyewe.

Na ukiuliza, usiulize mwaka. Bibi yangu nilimwuliza alizaliwa lini akanijibu "mi ntajuaje, kwani nilikuwa nimeshika kalamu?" Lakini siku nyingine tunamenya viazi nikamwuliza vita ya Hitla anaikumbuka, akasema anaikumbuka sana, nguo zilikuwa shida, na yeye ndio alikuwa ameanza kufunga Ramadhani nusu siku, akifika adhuhuri mama yake anampa uji jikoni kwa siri. Mtoto wa kufunga nusu siku ana miaka mingapi? Sita, saba, nane. Vita ile ni 1939 mpaka 1945. Basi bibi kazaliwa katikati ya miaka ya 30, na nimepata na uji juu yake.

Kwaiyo tengeneza orodha ya matukio ya kwenu uwe nayo kichwani. Kwa Tanga mi natumia vita ya Mjerumani, hasa Novemba 1914 Waingereza walipoteremsha askari kwa meli wakapigwa, na nyuki nao wakatoka wakawauma, afu vita ya Hitla, uhuru 1961, mapinduzi ya Unguja Januari 1964, mashamba ya mkonge kutaifishwa 1967, njaa ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, katikati ya miaka ya 70, vita ya Kagera. Unamwuliza mtu wakati ule ulikuwa umeolewa? Ulikuwa na watoto wangapi? Nani alikuwa mgongoni? Hapo hata asiyejua kusoma anakupa tarehe.

Swali jingine nalipenda kuliko yote: "jina hili umerithi kwa nani?" Huku kwetu mtoto anapewa jina la babu au bibi, kwaiyo jibu moja linakurusha vizazi viwili nyuma. Ila hapohapo ndio pana mtego na mimi nilinasa. Upande wa baba kuna Omari bin Saidi bin Omari bin Saidi, yaani wanapokezana kama kijiti. Nikawachanganya Omari wawili nikawafanya mtu mmoja, nikamchora vizuri kwenye chati, nikaituma kwenye grupu la familia watu wakanipongeza. Baada ya mwaka mzima shangazi mmoja akanipigia anacheka, "wewe mtoto, huyo Omari wako amekufa vita ya Mjerumani afu vita ya Hitla akanunua cherehani?" Tangu siku hiyo kila mwanamume namwandika na kitu chake, Omari wa nyavu, Omari wa cherehani, na sikubali jina likae kwenye chati peke yake bila mke, mtaa au kazi.

Sasa karatasi. Watu wanadhani karatasi ni ofisini tu wakati za kwanza ziko uvunguni mwa kitanda. Omba kuoneshwa sanduku la bati, omba kuoneshwa msahafu wa zamani. Kwetu ulitoka msahafu umeliwa na mchwa pembeni, na kwenye jalada la ndani mtu kaandika kwa wino uliogeuka rangi ya kahawia, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mstari mmoja tu. Mi sikuweza kuusoma, nikaupeleka kwa mwalimu wa madrasa, akasogea dirishani akasoma polepole: amezaliwa mtoto wetu, usiku wa kuamkia Ijumaa, mwezi 12 Mfunguo Tatu, 1343. Nilisisimka mwili. Huyo ni kaka yake bibi, ambaye pasi yake ya kwendea Hijja inasema alizaliwa 1 Januari 1930.

Hizi tarehe za msahafu zina namna yake. Mfunguo Mosi ni mwezi wa baada ya Ramadhani, Mfunguo Tatu ni ule wa Idi kubwa, Mfunguo Nne ndio mwaka mpya wa Kiislamu, Mfunguo Sita ni wa Maulidi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwaiyo usiigeuze 1343 kuwa mwaka wa kizungu kwa hesabu za kienyeji, tafuta programu ya kubadili tarehe, na kwa sababu mwezi ulikuwa unaandama kwa macho jibu linaweza kupishana siku moja. Hapo siku ya wiki ndio inakuokoa. Ile yetu ilikuja mwanzoni mwa Julai 1925, na Ijumaa ya wiki hiyo ni tarehe 3, basi imekaa. Pasi ilimpunguzia mzee miaka karibu mitano. Na ukikuta tarehe 1 Januari au 1 Julai kwenye kitambulisho cha mzee yeyote, ichukue kwa tahadhari, mara nyingi karani alihitaji kujaza kitu.

Upande wa mama ni habari nyingine kabisa. Babu mzaa mama alikuja kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, kwenye mkonge, na ukiwa mtu wa Tanga, Muheza au Korogwe kuna uwezekano na wewe unaye wa hivyo, maana walitoka kila mahali, Waha, Wanyamwezi, Wamakonde, mpaka Warundi. Wengi wakifika walichukua jina jipya na la kwao likalala, kwaiyo ukitafuta kwa jina la pwani huko bara hakuna atakayekujua. Uliza alikuwa akiimba nini akilewa, alikuwa akitukana kwa lugha gani, alikuwa na utani na nani. Sisi tulikuwa na kipande chake, kile cha kazi, chenye vijisanduku 30 vya siku za kazi, kimekunjwa mara nne ndani ya kopo la biskuti, na ndio kilitupa jina la shamba alikoanzia.

Kuna jambo moja la kwenda nalo taratibu, utumwa. Pwani hii wapo ambao bibi zao au babu zao walikuwa watumwa, na sio zamani sana, sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ni ya 1922. Ukiona mzee anakwambia "sisi asili yetu Shirazi", yaani kule Uajemi, afu anabadilisha mazungumzo haraka, usimbane, na usiulize kabisa mbele ya wakwe. Mi shangazi aliniambia jambo moja kwa miaka yote hii, akasema lisiandikwe, na sijaliandika.

Ofisi nazipitia harakaharaka. Kama ukoo una Wakristo, vitabu vya ubatizo ni dhahabu, vina wazazi na wadhamini, na misheni kama Magila kule Muheza ni za tangu karne ya 19, nenda na barua na adabu. RITA ni kwa vyeti vya kuzaliwa na vifo. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Dar, zina mpaka mafaili ya Mjerumani, lakini mi nilipanda basi kwenda huko mwaka wa kwanza sina hata jina la kijiji, nikaletewa faili la mwandiko wa Kijerumani wa kizamani uliolala kama nyasi, nikaliangalia tu nikarudi. Nenda ukiwa na swali moja, sio ukoo mzima.

Kurekodi tumia simu, ila omba ruhusa, na zima mtandao, maana nilishapoteza nusu saa ya bibi kwa sababu ya simu ya mtu anauliza bei ya mchele. Nakili sehemu mbili usiku huohuo. Chati naweka kwenye Gramps, programu ya kompyuta ya kuchora ukoo, ni ya bure na haihitaji intaneti. FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo, nayo ni ya bure, ila mti wa kule ni wa watu wote, mtu usiyemjua anaweza kumbadilisha marehemu wako.

Wanawake ndio wananisumbua mpaka leo, kwa sababu huku mtu akishazaa jina lake linamezwa. Mama yake Omari wa nyavu kila ninayemwuliza anasema mama Saidi, mama Saidi, basi. Nimeambiwa kuna bibi Pangani aliyelelewa na binti wa huyo mama Saidi, anaongea asubuhi tu kabla jua halijawa kali, na anapenda kashata za nazi. Jumapili naondoka na gari la kwanza.