Kamba wekundu wa tangini wanakufa kabla hawajazaa: jibu kutoka Mtwara

Mkuu wa Masasi, umeuliza mambo matatu: kwa nini kamba wekundu ulioagiza Dar wamekufa wengi ndani ya wiki, kama waliobaki watazaa, na kama unaweza kuwaongezea kamba wa kuvua Ruvuma. Mimi nipo Mtwara mjini, nafuga hao hao wekundu (Neocaridina, kamba wadogo wa mapambo wa maji yasiyo na chumvi, asili yao China na Taiwan).

La Ruvuma kwanza maana ni fupi: usijaribu. Kamba wengi wa mtoni wana makucha na hawaoni shida kumla mwenzao, na watoto wao wachanga wanahitaji maji ya chumvichumvi ndipo wakue. Utabaki na mbabe mmoja kwenye tangi.

Sasa vifo. Umesema fundi alikuletea tangi Jumamosi, ukajaza maji, Jumapili kamba wakaingia. Hapo ndipo pa kushika. Tangi jipya halina bakteria wa kushughulikia amonia inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula. Bakteria hao huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti, ambayo ikiwa kidogo haina neno. Kujijenga kwao huchukua kama wiki 4 hadi 6. Weka mchanga, mimea, filta ya sponji na pampu ya hewa, dondoshea punje ya chakula mara mojamoja ioze itoe amonia ya kuwalisha bakteria, uliache tangi lifanye kazi bila kiumbe. Kioo kikiota ukijani na utelezi usikisugue, huo ndio ugali wao.

Halafu dawa ya mbu. Hili watu hawaliwazi kabisa. Kamba na wadudu ni ukoo mmoja, kinachomuua mbu kinamuua na kamba. Ya kupuliza na ya kuchoma zote ni hatari, na pampu ndiyo inayomaliza kazi: inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma moja kwa moja majini. Nimeona pia watu wanakata chandarua chenye dawa wakafunikia tangi kamba wasiruke. Toa hicho leo hii. Dawa za samaki zenye shaba nazo zikae mbali.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku moja au mbili klorini ipungue. Visima vya huku pwani vingi vina chumvi, onja kwanza. Maji ya mvua ni mazuri ila hayana madini, na kamba anahitaji kalsiamu kutengeneza ganda jipya kila anapojivua, kwa hiyo mimi nachanganya na ya bomba. Kama jirani kuna mikorosho, salfa na viuatilifu vya msimu hutua kwenye mabati. Mvua za mwanzo ziache zioshe paa. Maji yakipungua kwa joto, ongezea ya mvua matupu, maana yanayopaa ni maji tu, madini yanabaki.

Joto lenyewe: wanapenda nyuzi 22 hadi 26. Kuanzia Oktoba huku tunapita hapo, na maji ya moto hushika hewa kidogo. Tangi likae chini, mbali na ukuta unaopigwa jua la jioni, na feni ndogo ielekee juu ya maji.

Ukipokea wengine usiwamwage. Nunua mpira wa dripu duka la dawa, ile gurudumu yake ndogo inakupa tone kwa tone unavyotaka. Saa moja au mbili za maji ya tangi kudondokea ndoo waliyomo, ndipo uwahamishe.

Chakula chao bora hapa kwetu ni bure. Majani ya mti wa mkungu (si mkungu wa ndizi) yaliyodondoka yenyewe, makavu, ya kahawia. Wenzetu Ulaya wanayanunua kwa pakiti! Suuza, loweka, weka moja. Baada ya siku kadhaa linaota utando, kamba wanajazana juu yake wakichokonoa kwa vidole vyao vidogo mpaka linabaki mishipa mitupu kama kimia.

Kuzaa hakuhitaji ufundi. Jike ni mkubwa na mwekundu zaidi, na nyuma ya kichwa utaona kama doa la njano mgongoni: hayo ni mayai bado ndani. Akijivua ganda, madume huzunguka tangi zima kama wamepagawa. Kisha mayai, 20 hadi 30 hivi, hushuka chini ya tumbo, naye huyapepea kwa vijiguu muda wote kwa takriban mwezi. Watoto hutoka wakiwa kamba kamili wa milimita 2. Hao gapi (samaki wadogo wa tangini) uliosema unao watawameza watoto wote, watafutie chombo kingine.

Sasa tuambie: maji unachota bombani au kisimani, na hicho chumba kinapuliziwa dawa?