Maswali ya wasomaji: Darubini yangu ya kompyuta inatua kwenye giza

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Mi ni mwalimu wa fizikia hapa Goma, naishi Himbi. Mdogo wangu ameniletea darubini ya kompyuta, ile yenye mota na rimoti, unachagua jina la nyota inaenda yenyewe. Goma sikuiona kwenye orodha ya miji, basi nikachukua Kinshasa, saa nikaacha ya kwetu huku, +2 (saa mbili mbele ya saa ya dunia, UTC). Naweka nyota ya kwanza katikati, inazunguka vizuri kwenda ya pili, inasimama, naweka jicho, giza tupu. Hata Mwezi ilinikosea. Kinachonichanganya, shemeji yangu hapa hapa mjini ako na ya aina hiyo hiyo, naye alichagua Kinshasa, na yake inafika karibu karibu. Je, mota yangu ni mbovu? Wanafunzi wanasubiri.

JIBU: Mwalimu, mota yako ni nzima, tafadhali usimpe fundi aifungue. Mashine hiyo haioni nyota hata moja, inajua tu kile umeiambia: uko wapi, ni saa ngapi, na ile nyota uliyoiweka katikati inaitwa nani. Kimoja kikikosewa, inapiga hesabu safi kabisa juu ya kosa lako.

Tuanze na hiyo Kinshasa. Kinshasa iko longitudo 15°19′ mashariki, Goma 29°14′, tofauti inakaribia digrii 14. Na anga inazunguka digrii 15 kwa saa, yaani digrii 1 kila dakika 4. Sasa we umesema uko Kinshasa lakini saa ni ya Goma, ndo anga yako nzima imesogea digrii 14, na lenzi ya jicho ya milimita 25 kwenye darubini nyingi za aina hiyo inaonyesha kama digrii 1 tu, Mwezi wenyewe ni nusu digrii, utaipata nyota wapi? Shemeji yako naye bila shaka aliacha kila kitu cha Kinshasa, hata +1 yao, halafu akaandika saa ya mkononi kwake. Kosa lake la saa moja ni digrii 15 upande mmoja, kosa la longitudo ni digrii 14 upande mwingine, yamekaribia kufutana. Mwambie naye arekebishe, maana hiyo saa moja bado inamharibia Mwezi.

Acha orodha ya miji, ingia pale pa kuandika mahali mwenyewe: 1°41′ KUSINI, 29°14′ MASHARIKI. Angalia sana hiyo kusini, ukiacha kaskazini umeshakosea zaidi ya digrii 3. Ukanda wa saa +2, na ule mtindo wa Ulaya wa kusogeza saa uuzime, sisi hatuna. Tarehe, rimoti nyingi kama za Celestron zinataka mwezi kwanza ndo siku. Na saa yenyewe andika 20:30, kuna kijana nilimsaidia mtaa wa Katindo alikuwa anaandika 2:30 kwa sababu kweli ilikuwa saa mbili na nusu usiku, tukahangaika karibu wiki nzima.

Sasa nyota, na hapa ndo watu wengi tunaanguka. Mwezi huu wa sita, saa mbili usiku, simama uangalie upande wa ziwa, kusini. Utaona Msalaba wa Kusini, nyota nne zimekaa kama msalaba, na kushoto kwake nyota mbili kali zimefuatana. Ya kushoto kabisa ndo Alpha Centauri, rimoti inaiita Rigil Kentaurus, ile ya kati, karibu na Msalaba, ni Hadar. Kati yao kuna digrii 4 na kidogo. Mi mwenyewe nilishaweka Hadar katikati nikaiambia mashine hii ni Rigil, usiku mzima kila kitu kikakaa pembeni na nilikuwa nimeshaanza kulaumu betri. Namna ya kuhakikisha: Rigil inawaka zaidi na ina umanjano kidogo, Hadar inaelekea bluu, na ukiweka lenzi ya kukuza sana Rigil inagawanyika inakuwa nyota mbili zimekaribiana sana. Waonyeshe wanafunzi wako hilo kabla ya kingine chochote, watapiga kelele.

Ya pili chukua Arcturus, ile ya rangi ya chungwa juu upande wa kaskazini-mashariki, ziko mbali vya kutosha. Au Regulus magharibi na Antares mashariki, nazo ni nzuri. Spica iache, saa hiyo iko karibu utosini, na stendi ya kuzunguka na kuinuka haipendi utosini, inabidi izunguke sana kufuata kitu kidogo.

Ukiweka nyota katikati malizia kila mara na vishale vilevile viwili, cha juu na cha kulia, ili meno ya gia yakae upande mmoja, ukimalizia leo kushoto kesho kulia kuna kamchezo kanabaki ndani. Kale kadarubini kadogo ka pembeni ukalinganishe mchana kwa antena ya mbali. Miguu usiiweke kwenye changarawe ya volkano, inateleza pole pole bila we kuona, tafuta jiwe bapa au saruji, upime na nivo ya fundi mwashi. Dira usiiamini, mawe yetu ya lava yanaivuta. Kuranti iwe volti 12 kutoka kwenye betri ya sola, ukague kwanza kwamba chanya ndo iko katikati ya plagi, zile betri ndogo zikichoka mashine inafanya wazimu.

Na majirani pamoja na nyumbakumi uwaambie mapema, bomba refu juu ya miguu mitatu usiku linaweza kuwatisha watu hapa kwetu, waite waangalie pia.

Siku ukimaliza, andika Omega Centauri, lile kundi kubwa la nyota. Iko juu ya ziwa, kama nusu ya njia kwenda utosini. Ikitokea ndani ya lenzi kama unga wa muhogo umemwagika kwenye kitambaa cheusi, imekubali.

SWALI: Mimi niko Bukavu, stendi yangu ni ile ya kuelekezwa kwenye ncha ya anga (pale ambapo anga yote inapazunguka), lakini skrubu ya latitudo inagoma kushuka. Nifanye nini dada?

JIBU: Mdogo wangu, usiilazimishe. Bukavu iko 2°30′ kusini, ncha ya anga huko iko digrii 2 na nusu tu juu ya upeo, milima inaifunika, na stendi nyingi hazikutengenezwa kulala hivo, uzito wa nyuma unagonga mguu. Kama yako inaweza kubadilishwa ifanye kazi ya kuzunguka na kuinuka, tumia hivo. Kama haiwezi, waiuzie watu wa Lubumbashi, wao wako karibu digrii 12, angalau kule stendi zingine zinafika.