Doa Kwenye Dari Halitoshi Kuhukumu Paa Zima

Hivi karibuni msomaji mmoja wa Dagoretti aliniandikia akiwa amekata tamaa. Madoa ya rangi ya chai yalikuwa yametokea kwenye dari ya sebule yake, na fundi aliyemwita alisimama mlangoni, akatazama juu, akamwambia kwamba paa lote limekwisha na ni lazima libadilishwe kabla ya mvua za vuli. Hakupanda hata ngazi. Ninamjibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi wetu tuliojenga kwa mkopo wa chama, au tulioachiwa nyumba na wazazi, tunaogopa maneno hayo kuliko mvua yenyewe.

Mimi pia niliambiwa hivyo hivyo. Nyumba ninayoishi Buruburu niliachiwa na mama yangu. Mbele imeezekwa kwa vigae, na nyuma, palipoongezwa vyumba miaka ya baadaye, ni mabati. Katika mvua za Aprili 2024, zile zilizofurisha mitaa mingi ya Nairobi, maji yalianza kuteremka kwenye ukuta wa korido. Mwanakandarasi mmoja aliniletea makadirio ya kung'oa kila kitu, vigae kwa mabati, na kaka zangu wakanishauri nilipe tu, kwani mambo ya paa si ya mwanamke. Maneno hayo yaliniuma, na sitaficha kwamba bado yananiuma. Niliazima ngazi kwa jirani, nikachukua tochi na bisibisi, nikaingia juu ya dari.

Nilikuta vumbi la miaka mingi na, kwenye mbao moja ndefu, mstari mweusi wa unyevu ulioanzia mbali kabisa na mahali maji yalipokuwa yakionekana. Niliufuata kwa tochi, nikikanyaga mbao peke yake kwa kuwa dari yenyewe haiwezi kumbeba mtu, hadi pale paa la zamani linapokutana na ukuta wa vyumba vipya. Bati lililokunjwa kuziba kiungo hicho lilikuwa limeachana na plasta, likaacha pengo la kupitisha kidole, na mwanga wa mchana ulikuwa ukipenya. Mbao zilizobaki zilikuwa kavu na ngumu. Nilizidunga kwa bisibisi, nayo haikuzama. Kazi iliyohitajika ilikuwa kubadilisha bati hilo na vigae vichache vilivyopasuka. Masika yaliyofuata yalipita korido ikiwa kavu kabisa. Kaka zangu hawajasema neno hadi leo, nami sihitaji waseme.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na karibu wa pekee, ni huu: ingia juu ya dari, au msimamie fundi aingie huku ukishika ngazi, kabla hujazungumza habari ya fedha. Maji huingia mahali pamoja, yakatambaa juu ya mbao, yakadondokea mahali pengine. Anayelitazama doa peke yake anabahatisha. Nenda mchana, uzime tochi kwa muda, utazame mwanga unaingilia wapi.

Mara nyingi utakuta tatizo ni misumari. Jiji letu liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, jua lake la mchana ni kali na usiku huwa wa baridi, kwa hiyo mabati hutanuka na kusinyaa kila siku mpaka misumari inalegea na raba zilizo chini ya vichwa vyake zinapasuka. Hilo ni la kurekebisha, si la kubadilisha paa. Vivyo hivyo gata, yaani mifereji ya maji ukingoni mwa paa, zilizoziba: jakaranda huchanua Oktoba, na maua yake yakishajaza gata, mvua za vuli hurudisha maji chini ya ukingo wa mabati. Tena, ukiona matone asubuhi za Julai ilhali mvua haijanyesha, huo ni mvuke wa ndani ya nyumba uliogeuka maji chini ya bati baridi, na dawa yake ni kuachia hewa ipite juu ya dari.

Paa lililokwisha kweli hujionyesha. Kutu nyekundu maana yake ni kwamba zinki inayolikinga bati imeisha na chuma chenyewe kinaliwa. Ikiwa imeenea kwenye mabati mengi, na mwanga unapenya kwa vitundu vingi kama ungo, usikubali kupakwa lami tena juu ya lami ya mwaka jana. Simama barabarani utazame mstari wa juu wa paa: ukiwa umebonyea katikati, mbao zimechoka. Bisibisi ikizama kwenye mbao, au ukikuta njia za mchwa, hakuna kiraka kitakachokusaidia, na ni heri ubadilishe kwa hiari yako mwezi wa Januari au Agosti kuliko kulazimishwa na mvua ya Aprili.

Wanaoishi kwenye nyumba za zamani zilizoezekwa kwa asbesto wasiruhusu mtu yeyote kuitoboa, kuikata wala kuivunja, kwa kuwa nyuzi zake zikipeperuka na kuvutwa na mapafu husababisha saratani. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinaihesabu kuwa taka hatari, kwa hiyo kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Ukiamua kubadilisha, usishawishiwe kuweka vigae vya zege juu ya mbao zilizojengewa mabati. Mita moja ya mraba ya vigae hivyo huwa na uzito wa kilo 40 au zaidi, ilhali mabati ya kawaida hayafikii kilo 5. Na katika mapatano andika geji, yaani namba ya unene wa bati, kwa tarakimu. Namba ikipanda, bati ni jembamba zaidi: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, na rangi nzuri haiongezi unene. Kuwa nyumbani mzigo unapoteremshwa, usome maandishi yaliyochapwa kwenye kila bati, na lisilolingana na mapatano lirudishwe na gari lile lile kabla halijapigwa msumari.