Jibu: nyanya kwenye robota la majani zimekuwa za njano

Mkuu umesema uwani kwako ni zege tupu, ukanunua marobota ya majani makavu ukachomeka miche ya nyanya siku ileile na sasa imekuwa ya njano. Huo sio ugonjwa, robota halijaiva, yaani majani hayajaoza vya kutosha. Majani makavu yana kaboni nyingi, naitrojeni (chakula kinachoupa mmea ukijani) kiduchu, bakteria wakianza kuyaozesha wanaimaliza hiyo naitrojeni kabla mche haujapata kitu, kwahiyo usikimbilie dawa ya ukungu utapoteza hela bure.

Mimi niko Moshi, natumia majani ya mpunga ya huku chini Mabogini na Chekereni, na wafugaji wanayagombania kwahiyo wahi mavuno. Nafunga mwenyewe kwenye boksi la mbao, nakanyaga mpaka yanashindiliwa kwelikweli afu kamba ya nailoni, ya katani inaoza robota linafumuka. Muulize mwenye shamba alipulizia dawa gani ya magugu maana zingine zinabaki kwenye majani na nyanya haziziwezi kabisa. Ukiwa na wasiwasi lowesha majani kidogo upande maharage machache humo, maharage yakiota yamejikunja majani hayo usiyatumie.

Sasa kulipika robota, yaani kuliozesha kidogo kabla ya kupanda, ndo kazi yenyewe. Siku tatu za kwanza maji tu mpaka yatiririke chini. Baada ya hapo mbolea ya urea (ya naitrojeni) nusu kikombe cha chai juu ya kila robota, siku moja unaweka siku inayofuata maji matupu, kama wiki hivi. Ndani litachemka, linaweza kupita nyuzi 50, ukiingiza mkono unautoa mbio. Usipande! Subiri joto lishuke liwe kama la mwili wako, mara nyingi siku 10 hadi 14, kipindi cha baridi ya Julai huku kwetu linachelewa. Usiyetaka urea loweka samadi ya kuku umwagie maji yake, inafaa sana ila inachukua wiki tatu na zaidi. Uyoga ukiota usiogope, ni dalili linaoza vizuri, ila usiule.

Nyanya weka miche miwili kwa robota, hoho minne, kila shimo na mboji kidogo. Mchicha tandaza mboji inchi mbili juu ndo umwage mbegu. Miti ya kuegemeza nyanya funga ukutani, robota linabonyea kadiri linavyooza. Kiangazi mwagilia kila siku, na mbolea inaoshwa haraka kwahiyo ongeza NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kidogo kila baada ya wiki mbili.

Kinachonifanya niipende njia hii ni mnyauko bakteria. Huku mtaani udongo wa wengi una huo ugonjwa, nyanya inanyauka ikiwa bado ya kijani, dawa hamna. Robota likikaa juu ya zege mizizi haiugusi kabisa huo udongo.

Miche yako ing'oe leo jioni na udongo wake, iweke kwenye makopo kivulini, anza kupika robota. Na sia mingine ya akiba leoleo, hii isije ikashindwa kupona, maana miche inachelewa kuwa tayari kuliko robota.