Nilimdanganya mtafiti, usifanye kama mimi

Ngoja nikiri. Mtoto wangu wa pili akiwa na mwaka na miezi kama mitatu aliharisha vibaya, tulikua tunakaa Gungu hapahapa Kigoma, zahanati wakanipa ORS na zinki vidonge kumi, kimoja kila siku mpaka viishe hata kama tumbo limetulia. Siku ya kwanza nikayeyusha kwenye kijiko, akameza, haukupita muda chote kikarudi kwenye khanga yangu. Siku ya pili hivohivo. Ya tatu tumbo likaanza kushika, nikasema ya nini kumtesa mtoto, vile saba vilivyobaki nikavisukumia juu ya kabati nyuma ya dumu la mawese.

Baada ya wiki kadhaa akaja binti na kishikwambi, kaongozana na mjumbe, shikamoo mama, akanisomea karatasi ya ridhaa kwamba naweza kukataa na jina langu halitatajwa. Nilikua nakaanga dagaa, sikusikia hata nusu. Zinki alimeza siku ngapi? Kumi, macho makavu kabisa. Alitapika? Hapana. Yani niliogopa ataenda kunisemea kwa nesi! Akaandika, akashukuru, akaenda zake.

Kumbe huko kutapika ndo kulikua kunawaumiza watafiti kichwa. WHO na UNICEF mwaka 2004 walisema mtoto wa miezi 6 kwenda juu apewe miligramu 20, basi kuna utafiti mwingine (sio ule wa kwangu) wakachukua watoto 4,500 wa India na hapa kwetu Tanzania, wengine 20, wengine 10, wengine 5, majibu yakatoka 2020, dozi ndogo inafanya kazi vilevile na kutapika kunapungua. Sasa hapo wangejuaje kama kila mama angejibu kama mimi? Hata hiyo ORS ilibadilishwa 2002, chumvi na sukari vikapunguzwa, maana ilionekana watoto wanatapika kidogo na wanaoishia kwenye dripu wanapungua. Bibi yao anayekoroga kwa kukadiria mpaka leo ananibishia, nimeshamwachia.

Kwahiyo mwenzangu wakija kwako epua sufuria kwanza, sikiliza ile ridhaa, uliza wametoka wapi na kibali kiko wapi, na kama hujisikii kataa tu, bora ukatae kuliko ujaze uongo. Umempa siku tatu sema tatu. Halafu usimlee mtoto wa tatu kwa maelekezo ya wa kwanza, ukifika kliniki muulize nesi siku hizi mnaelekezaje, wala haudhiki. Ila jamani msinielewe vibaya mkaanza kukatakata vidonge nyumbani kisa mmesoma hapa, mtoto akitapika dawa rudi zahanati useme, zinki ikimezwa siku zote inasaidia hata kuharisha kusirudi haraka miezi miwili mitatu ya mbele, na mi hiyo faida niliiweka juu ya kabati.

Mwaka jana wakaja wengine, hao habari zao vyandarua. Vingapi? Viwili. Vyote mnalalia? Nikamwambia, kaka yangu, kimoja tunalalia, cha pili baba watoto anaanikia dagaa. Akacheka mpaka akakohoa, alafu akaandika.