Chumba kimejaa udongo, na ada nimelipa

SWALI
Shikamoo dada. Nasoma uhasibu, mwaka wa pili, katika chuo kidogo Minnesota. Januari chuo kinawapeleka wanafunzi New York kwa wiki tatu kusoma sanaa ya kisasa: asubuhi makumbusho, mchana galari, usiku kuandika. Nimeshajiandikisha, sasa woga umeniingia. Sijawahi kuchora hata kikombe. Baba kaniuliza kwa simu kutoka Arusha, "Yaani unalipia kutazama picha?" Nikakosa jibu. Niende au nijitoe?
Mhasibu mwoga

JIBU
Marahaba mdogo wangu, ingawa shikamoo hiyo imenizeesha ghafla. Nenda.

Mimi nilikwenda kozi ya aina hiyo Januari 2020, nikitokea biolojia. Siku ya tatu mwalimu alitupeleka mtaa wa Wooster, nambari 141. Tukabonyeza kengele, tukapanda ngazi, tukakuta chumba kimejaa udongo. Udongo mtupu, mweusi, umesawazishwa, kina cha sentimita 56, umezuiwa kwa kioo kinachofika magotini. Ni kazi ya sanaa: msanii Walter De Maria aliujaza humo mwaka 1977, na hadi leo unamwagiliwa maji na kupigwa reki. Mita za mraba zaidi ya 300, katikati ya SoHo, kitongoji cha New York ambapo kodi ya nyumba inatoa machozi!

Wazo langu la kwanza lilikuwa: mbona hawapandi mchicha? Kupiga picha ni marufuku humo, kwa hiyo simu zikabaki mifukoni, na mwalimu akatuambia tukae nusu saa bila kusema neno. Dakika kumi za mwanzo nilikuwa nawaza chakula cha mchana. Kisha pua ikanishtua. Ilikuwa harufu ya shamba letu Kibosho baada ya mvua ya kwanza. Nje baridi inakata masikio, ndani kunanukia kwa bibi. Usiku ule niliandika kurasa nne, na ndiyo insha pekee ya chuo niliyoitunza mpaka leo. Picha ya kitabuni isingenipa harufu ile. Wanawapeleka huko kwa sababu hiyo.

Kuchora hakuna atakayekuuliza. Kosa langu wiki ya kwanza lilikuwa kukimbilia kibao cha maelezo ukutani kabla ya kukitazama kitu chenyewe. Wewe umezoea kusaka shilingi iliyopotea kwenye hesabu. Jicho hilohilo ndilo linalotakiwa.

Galari za Chelsea, kitongoji kingine cha New York, nyingi zikiwa katika magodauni na gereji za zamani, kuingia ni bure. Jumapili na Jumatatu nyingi hufungwa. Ukipiga hodi hutasikia karibu, na aliyekaa mezani huenda asikuinulie macho. Usinung'unike, kila mtu anafanyiwa hivyo.

Mwaka wangu, mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, kulikuwa na sanamu nne za shaba za Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi: wanawake walioketi wima katika vishubaka vya ukutani. Vishubaka hivyo vilikuwa vitupu tangu 1902. Wenzangu walipita kuingia ndani kuota joto. Mimi niliganda pale ngazini, na nilichelewa darasa bila kujuta.

Mambo ya mfukoni: kabla tarehe ya kujitoa haijapita, uliza kama ada inajumuisha malazi, tiketi za makumbusho na nauli za treni za chini ya ardhi. Mwenzangu mmoja hakuuliza, akaishi kwa vipande vya piza wiki mbili. Nenda pia ofisi ya misaada ya masomo. Beba penseli, maana makumbusho mengi hayaruhusu kalamu ya wino karibu na kazi. Viatu visiwe vipya. Utatembea mpaka nyayo zilalamike.

Na baba? Mpigie ukishatoka pale Wooster, umweleze kuna watu wana shamba zima ghorofani tangu 1977 na hawajavuna hata jani. Wangu alicheka sana, kisha akanyamaza, akauliza mbolea wanaweka gani.